Neno la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua linawaka, sina homa wala sijaonja pombe. Anayebisha aje Bunda nimwonyeshe chumba chenyewe. Siku hizi wanauza mbegu humo.

Ilikuwa ile miaka sabuni ilipoanza kurudi madukani na watu tukaacha kuipangia foleni. Nilikuwaga mpiga chapa kwenye ofisi moja ya pamba. Ofisi ikaletewa kompyuta, ya kwanza kuiona kwa macho yangu. Basi, makubwa! Ikapewa chumba chake, nondo dirishani, pazia zito, na feni juu, wakati mimi nyumbani kwangu sina feni. Kuingia lazima uvue viatu mlangoni usilete vumbi. Hata meneja alikuwa anavua, ndiyo tukajua soksi zake zimetoboka. Na kwa kuogopa wezi, nikishaingia nafungiwa kwa nje na kufuli. Ufunguo anakaa nao mlinzi, mzee Wambura. Nikitaka kutoka nagonga, anafungua. Ila saa saba anakwenda kwake kula ugali, na muda huo ungegonga mpaka mkono uvimbe.

Fundi aliyeifunga hiyo kompyuta, kijana wa Musoma, aliniachia disketi ya mchezo. Matofali yanashuka kutoka juu, moja moja, kila moja na umbo lake. Unayageuza, unayapanga, safu ikijaa bila tundu inafutika. Ukizembea yanarundikana mpaka juu na umekwisha. Jamani, ule mchezo! Nilikuwa naota matofali. Lakini disketi yenyewe ilikuwa ya kunakiliwa, na wenye mchezo walikuwa wamewategea watu kama sisi. Kila ukiufungua unakuuliza neno kutoka kwenye kitabu chake: ukurasa fulani, mstari fulani, neno la ngapi. Ukikosa, unajifunga. Kitabu hatukuwa nacho. Fundi alikuwa na maneno matano tu ya Kiingereza, kaninakilia kwenye karatasi. Ukiulizwa mojawapo, unacheza. Usipoulizwa, rudi kwenye orodha yako ya wakulima.

Sasa sikia. Wakati huo nilikuwa na binti wa miezi mitatu. Alipozaliwa alilia siku mbili, ziwa hataki, mpaka mama yangu, aliyekuja kutoka Butiama kunisaidia kulea, akamwita kwa jina la marehemu bibi, yaani mama yake yeye. Akanyamaza papo hapo. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto analia mpaka aitwe jina lake, na yule aliyekufa anakuwa amerudi nyumbani. Kila nilipomlaza nilimwita jina hilo sikioni.

Siku hiyo mzee Wambura kaenda kula, mimi haraka nikatia disketi. Ikauliza: ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa pili, neno la tatu. Nikashangaa, maana fundi aliniambia kitabu kina kurasa thelathini tu.

"Andika selekti," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu.

Utaniuliza, mbona sikupiga kelele? Hata mimi najiulizaga. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya karani, mama wa makamo, kitenge safi, kitabu chembamba mapajani. Nikadhani mgeni wa meneja, labda tulifungiwa wote. Kilichonikera, niamini, ni kwamba alikuwa na viatu miguuni.

"Dada, humu tunavua viatu," nikamwambia.

Akacheka kidogo. "Wewe cheza, mdogo wangu. Mzee wako karibu atarudi."

Nikaliandika hilo neno la Kiingereza, yaani chagua, ikafunguka. Nikacheza ambavyo sijawahi kucheza. Nikishindwa, inauliza upya, yeye anafunua kitabu, ananitajia, naandika. Mara tatu hivyo. Nikiwa katikati ya mchezo wa tatu, matofali yanashuka mbio, akasema taratibu, "Nimekupa maneno yangu. Na wewe nipe moja."

"Chukua lolote," nikamjibu. Sikugeuka hata kumtazama. Mpumbavu mimi! Kwetu hata kuku humwambii mgeni achague; unamkamata mwenyewe unayemtoa, unampa. Lakini nilikuwa natafuta pa kulaza tofali refu.

"Mtoto wako unamlaza kwa neno gani?"

Nikamtajia.

Hapo ndipo nikasikia kimya. Feni imesimama, taa imezimika. Umeme umekatika, sijui tangu saa ngapi, na kioo cha kompyuta kinawaka, matofali yanashuka. Nikageuka: stuli tupu. Nikauvamia mlango, nikapiga mayowe, nikarudi nikazitikisa nondo za dirisha mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyesikia. Nyuma yangu tofali linatua juu ya tofali, na kila likitua kifua kinanibana zaidi. Nikachomoa waya ukutani. Yakaendelea kushuka. Nilikuwa naogopa, jamani, naogopa kufa mwanangu bado mchanga. Nikataka nimwite. Jina halikuja.

Mzee Wambura alipofungua, kioo kilikuwa cheusi. Nikamuuliza yule mama ametokea wapi.

"Mama gani, binti yangu? Nimekufungia peke yako. Viatu hapa mlangoni ni vyako tu."

Nilikimbia peku mpaka nyumbani. Kilio cha mtoto nilikisikia kutoka barabarani. Mama alikuwa amembeba, akafungua mdomo ambembeleze, akaufunga.

"Huyu tunamwita nani?" akaniuliza. "Na mama yangu mimi, alikuwa anaitwa nani?"

Tukatoa kadi ya kliniki. Pa kuandika jina palikuwa peupe. Tukamwita mtoto kwa majina ya marehemu wote wa ukoo tuliowakumbuka, kila mmoja. Wapi! Siku ya tatu sauti ilikuwa imekauka, anafungua mdomo tu. Nikachanganyikiwa, nikaanza kumtajia chochote, hata maneno ya fundi, hata ya yule mwanamke.

"Selekti," nikasema.

Akanyamaza. Akanyonya.

Ndilo jina lake mpaka leo. Ni mtu mzima, anauza dagaa sokoni Mwigobero, kule Musoma, wateja wanamtania nani alimpa jina kama hilo, naye anacheka. Mimi sicheki. Ukoo mzima hakuna anayelikumbuka lile jingine. Tukienda Butiama tunasimama kaburini tunasema "bibi" basi. Na mama yangu alipokuwa anakata roho alimtafuta mama yake amwite, akatafuta, akatafuta, mdomo wazi, mpaka akatutoka hajampata.

Kwa hiyo nisikilize. Kitu kikikuuliza neno usilo nalo, kizime uende zako. Na akitokea wa kukusaidia, mtazame miguuni kwanza. Halafu, hata mikono yako iwe na kazi kiasi gani, usimwambie achukue lolote.