Shikamoo iliyonipindia ringi Isevya

Leo nimegongwa na bodaboda kwa sababu ya shikamoo.

Sijaumia, msihangaike. Ringi ya nyuma ndiyo imepinda.

Nilikuwa kwenye baiskeli hapa mjini, kwenye kona ya mtaa wa Isevya, nikamwona mzee aliyekuwa jirani yetu kijijini Kigwa. Nikashuka palepale barabarani nimwamkie. Ndivyo baba alivyonifundisha enzi za Ujamaa: mkubwa haamkiwi umekalia baiskeli.

Enzi hizo kijiji kizima kilikuwa na lori moja. Ukilisikia linakuja, unamaliza kwanza kuulizia watoto, mvua na karanga, ndipo unasogea pembeni.

Leo hata mdomo sijafungua. Paa!

Kijana wa bodaboda akaniinua huku anafoka: "Mzee, unasimamaje katikati ya barabara?"

Ana haki, jamani. Kona ile watu wanagongwa kila mara.

Yule mzee akanipangusa vumbi, akaitikia salamu ambayo sikuwahi kuitoa: "Marahaba, mwanangu. Kuanzia leo niamkie hukohuko juu ya baiskeli. Nakutaka mzima."

Nimekokota baiskeli hadi nyumbani, nikiamkia kila mkubwa kwa raha zangu.

Fundi anasema kesho ringi itakuwa tayari. Nimemwambia asiharakishe.