Kengele Ndani ya Kitasa

Mikono yangu haikujua kutulia. Miaka ile ya hamsini nilikuwa na meza ya kutengeneza vitasa vya kale kwenye baraza moja mtaa wa Gerezani, na kitasa kikishanifikia sikiachi. Mteja husema nisafishe kutu tu. Mimi nafungua chote, natafuta hata msumari wa asili. Nikiitwa kula siendi. Nikienda, narudi na tonge mdomoni.

Siku moja alikuja mwanamke kutoka nyumba ya Waarabu wenye duka Kariakoo. Ndani ya kanga alileta kitasa cha shaba cha kasha alilopewa na mama mkwe wake siku ya harusi. Ufunguo ulikuwa umekwama.

"Nataka kifunge na kufungua tu, fundi," alisema. "Mengine yaache."

Kuyaacha nilishindwa. Ndani nilikuta kengele ndogo ya kulia kila ufunguo unapozungushwa, ili nyumba nzima ijue kasha linaguswa. Kinyundo chake kilikuwa kimevunjika na kipande kimeangukia kwenye springi. Ndicho kilichokwamisha ufunguo. Ningekitoa, kazi ingeisha asubuhi ileile. Badala yake nilihangaika siku tatu kuchonga kinyundo kipya kwa tupa, nakijaribu, nakitupa, naanza tena. Kengele ilipolia nilicheka peke yangu kama mwehu.

Aliporudi nikamzungushia ufunguo. Kengele ikalia. Uso wake ukasawijika.

"Hiyo niliivunja mwenyewe," alisema taratibu. "Kwa pini ya nywele. Mle kashani nina madaftari yangu. Najifunza kuandika, na mama mkwe hataki. Macho yamemwishia, lakini masikio yake mazima. Iue, fundi."

Ningeiua kwa koleo, mara moja tu. Nilikataa. Nikamwambia kazi ya wazee haiharibiwi, nikaongea mengi kuhusu shaba na mafundi wa zamani huku nikijua ninachotetea ni zile siku zangu tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakifunga kitasa chake ndani ya kanga, akaenda zake.

Wiki zilizofuata sikukaa nikakalika. Mara mbili nilitembea hadi mtaa wao na koleo mfukoni, nikaona aibu kubisha hodi, nikarudi nikijichukia.

Kisha akaja bibi mzee, anapapasa njia kwa fimbo, mkono wa pili kashika sahani ya halua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetengeneza kengele ya kasha letu? Nimekuja kukushukuru. Miaka yote nilidhani imekufa kwa uzee."

Nilipokea sahani. Nikamuuliza kama kasha linafunguka vizuri.

"Siku ya kwanza lilifunguka, nikalisikia," alisema. "Tangu hapo mke wa mwanangu hajaligusa."