Mama Viputo, muosha vyombo wa maabara aliyekataa kubadilisha jibu

Saa moja kasoro robo asubuhi, kengele ya shule bado haijalia, na Mama Viputo ameshainua bika la kioo hadi usawa wa dirisha. Analizungusha polepole huku amefinya jicho moja. Maji yanateremka ndani ya kioo, yanatandaa vizuri, hayaachi nyuma hata tone moja.

"Haya yamelala," anasema, na kuliweka bika upande wa kulia.

Anachukua la pili. Hapa maji yanakatika, yanajikusanya matone matone kama yamegombana na kioo.

"Haya yamesimama. Rudi kuoga, mwanangu," analiambia bika, kisha analitumbukiza tena kwenye karai.

Kwa macho yangu na yako mabika yote mawili yanang'aa. Lakini usithubutu kumwambia hivyo Mama Viputo, atakutoa mbio. Kwake yeye kazi ina maneno mawili tu: maji yaliyolala na maji yaliyosimama. Alama ya kidole chenye mafuta, ambayo wewe huioni hata kwa miwani, maji yanaiona na yanakataa kutandaa.

Mama huyu wa watoto wanne ana miaka hamsini. Kwa miaka kumi na tisa ameosha vyombo katika maabara ya shule hii ya sekondari, takriban mia sita kwa wiki. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni na maji ya moto. Kila siku hutembea dakika hamsini kuja na hamsini kurudi, na kwa miaka mingi mshahara wake haukufika nusu ya ule wa fundi wa maabara, ingawa kazi ya fundi huyo alikuwa anaifanya yeye tangu aliyekuwepo alipostaafu.

Shule yenyewe aliishia darasa la saba. Hapa aliajiriwa kufagia uwanja, halafu akaambiwa aende maabara akasaidie kwa muda.

"Huo muda wenyewe ndio huu," anasema, na kucheka hadi mabega yanatikisika.

Jina la Mama Viputo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hawezi kupita karibu na povu bila kusimama kulichungulia. Mumewe, fundi mwashi mpole asiyependa makuu, ana malalamiko yake kuhusu tabia hiyo.

"Mimi nyumbani siruhusiwi kuosha glasi," anasema. "Nikiosha, mama watoto anaikagua kwenye mwanga. Hapo kuna wageni sebuleni wanasubiri maji ya kunywa!"

Mapema mwaka huu, kicheko kilimkauka. Uliletwa waraka shuleni: kufikia mwisho wa mwaka, kila anayefanya kazi ndani ya maabara awe na cheti cha ufundi. Asiye nacho atarudishwa kazi za nje. Kwa Mama Viputo, maana yake ilikuwa kurudi kwenye ufagio.

"Siudharau ufagio," anasema, na hapa sauti inashuka. "Ufagio umenilishia watoto. Lakini humu ndani ndimo nilimojijua kwamba nina akili. Ukinitoa humu, unanirudisha kuwa mtu asiyejua kitu."

Njia ilikuwa moja tu, kufanya mtihani wa ufundi pamoja na vijana waliotoka vyuoni juzi.

Lakini tusikimbie. Ili uelewe kilichotokea kwenye mtihani ule, lazima kwanza ujue kosa alilolifanya miaka kumi na sita iliyopita. Na kosa lake, amini usiamini, lilikuwa usafi.

Mwalimu wa fizikia wa wakati ule alikuwa ameandaa somo la vitendo. Wanafunzi wachovye mirija myembamba ya kioo ndani ya maji, wapime maji yanapanda yenyewe hadi wapi. Mama Viputo alitaka kumfurahisha mwalimu. Akaiosha mirija yote kwa sabuni mara tatu. Muda ukambana, akaisuuza mara moja tu, chapuchapu.

Meza zote kumi, maji yakagoma kupanda inavyotakiwa. Mwalimu akakagua rula, akakagua kitabu, akawakagua wanafunzi. Mwishowe akaelekea chumba cha nyuma, kwenye sinki.

"Nani ameosha hii mirija?"

"Mimi, mwalimu. Nimepiga sabuni mara tatu."

"Na kusuuza?"

"Mara moja."

"Basi hapo ndipo ulipotumaliza!"

Mwalimu huyo, ambaye sasa amestaafu, analikumbuka tukio hilo bila raha. "Nilimfokea mbele ya watoto, na mpaka leo naona haya," anasema. "Alilia. Halafu akafuta machozi kwa aproni, akaniuliza, 'Sasa mwalimu, hiyo sabuni imeyafanya nini maji?' Darasa zima lilikuwa limeshindwa kuuliza hivyo. Nilivuta kigoda nikakaa."

Siku hiyo alimweleza kwamba uso wa maji hujivuta wenyewe, kama ngozi iliyowambwa, na sabuni huilegeza ngozi hiyo. Vitabuni huitwa mvutano wa uso. Mama Viputo aliliita "ngozi ya maji", na hakuliacha jina hilo tena.

Tangu hapo alifungua masikio. Chumba cha nyuma kina kidirisha kinachotazama darasani, na kupitia hapo ameisikia fizikia ya kidato cha nne mwaka baada ya mwaka, kwa walimu sita tofauti.

"Mmoja wao alikuwa anakosea," anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mwalimu yuko mlangoni. "Nilivumilia mwezi mzima. Nikashindwa. Nikamvuta chemba."

Alikuwa anakosea nini?

"Kiputo cha sabuni kikielea hewani kina ngozi mbili, ya ndani na ya nje. Ndiyo maana kinaibana hewa yake mara mbili kuliko tone lenye upana huohuo, la maji yaleyale ya sabuni, linavyoyabana maji yake, maana tone lina ngozi moja. Sasa kiputo kilichomo ndani ya maji, kama vile unavyoona kwenye sufuria inayochemka, hicho nacho kina ngozi moja. Nje yake si ni maji matupu? Ngozi ya pili itoke wapi? Yeye alikuwa anakihesabia mbili."

Na alipomwambia?

"Alininunia wiki nzima. Wiki ya pili akaniletea chai."

Mtihani ulifanyika kwenye maabara ya chuo. Watahiniwa walikuwa kumi na mmoja, karibu wote wa rika la wanawe. Kulikuwa na watahini watatu. Sehemu ya kwanza, ya kuosha na kuandaa vyombo, Mama Viputo aliimaliza kabla wenzake hawajakunja mikono ya mashati. Kisha akasubiri zamu yake, akaitwa kwenye meza ya mwisho.

Hapo palikuwa na bomba la kioo lenye midomo miwili inayotazama chini, na koki katikati ya kufungia hewa. Mtahini mkuu alipuliza kiputo cha sabuni kwenye kila mdomo. Kimoja kilikuwa kikubwa kama chungwa, cha pili kidogo kama ndimu.

"Nikifungua koki hii, hewa ipite kati yao, nini kitatokea?" aliuliza.

Wengi wetu jibu lingetutoka bila kufikiri: kikubwa kina hewa nyingi, kitamgawia mdogo wake, walingane. Mama Viputo hakuwa na papara.

"Kidogo kitajimaliza ndani ya kikubwa."

"Kwa nini?"

"Ngozi ni ileile, mwalimu, haijakaza zaidi huku wala kule. Ila kwenye kidogo imejipinda zaidi, kwa hiyo inaibana hewa zaidi. Upana ukiwa nusu, ile presha ya ziada inakuwa mara mbili. Hewa itakimbia penye presha kubwa, iende penye ndogo."

Mtahini akafungua koki.

Viputo viwili vikaning'inia vilevile, kila kimoja na hamsini zake. Zikapita sekunde kumi, ishirini. Kikubwa kikapasuka. Wakapuliza vingine, wakafungua tena koki. Hakuna kilichotikisika. Nyuma yake, mtu mmoja akaguna.

"Unabaki na jibu lako, mama," akauliza mtahini, "au ungependa kulifikiria upya?"

Anaposimulia hapa, Mama Viputo anaweka chini bika alilolishika.

"Nikauona ule ufagio mbele yangu, waziwazi, umeegemea ukuta. Nikajiambia, wewe ni darasa la saba, hawa wamesoma, na bomba lao linasema umekosea. Halafu nikajikaza kisabuni." Anagundua alichosema, anaangua kicheko. "Nikamwambia, 'Nabaki nalo, mwalimu. Jibu langu halina kosa. Naomba maji ya moto na kitambaa.'"

Watahini walitazamana. Mwanamke aliyekuwa kati yao akaitikia kwa kichwa.

Mama Viputo aliichomoa koki, akainua bomba kwenye mwanga wa dirisha. Tundu la koki lilikuwa limejaa grisi, tititi. Mtu aliyeandaa kifaa alitaka koki izunguke laini, akapaka bila kipimo. Kilichofunguka kilikuwa mpini tu, hewa haikuwa na pa kupita.

"Sikumlaumu," anasema. "Alikuwa na nia njema, kama mimi na ile mirija yangu. Kazi zetu hizi, ukizidisha wema umeharibu."

Alifuta, akaosha, akasuuza mara sita. Akamimina maji ndani ya bomba, akayatazama mpaka yakalala. Akapaka grisi kidogo tu kwenye ncha mbili za koki, mbali na tundu. Akarudisha kila kitu mahali pake, akapuliza viputo yeye mwenyewe, kikubwa na kidogo, na kwa idhini ya mtahini akafungua.

Kiputo kidogo kilisita kidogo. Kisha kikaanza kunywea, polepole, halafu mbiombio, mpaka ukabaki utando tu kwenye mdomo wa bomba. Kile kikubwa kikazidi kutuna.

"Nilitaka kupiga kelele! Nikakumbuka niko kwenye mtihani."

Mtahini mkuu hafichi kilichotokea kabla ya hapo. "Walimtangulia sita," anasema. "Wanne walijibu sawasawa, lakini bomba lilipogoma, watatu kati yao wakageuza maneno. Na sisi, kwa aibu yetu, tulidhani sabuni yetu ni mbovu, tukaendelea kuandika. Yeye akaomba maji ya moto. Ilibidi tuwaite wale sita warudie, ingekuwa dhuluma kuwaacha."

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Njiani kurudi nyumbani, Mama Viputo alisimama ghafla katikati ya barabara. Alikuwa amekumbuka kwamba mtihani mzima alikuwa anasema "ngozi". Neno la kitabuni lilikuwa limemtoka kabisa kichwani.

Wiki tano za kusubiri majibu zilimkondesha. Mumewe anasema alikuwa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. "Nikimsemesha, anaitikia 'ee' kwa swali ambalo jibu lake si 'ee'. Nikaona nikae kimya tu nile chakula changu."

Alhamisi moja saa nne asubuhi, mkuu wa shule alikuja mwenyewe chumba cha nyuma, bahasha mkononi. Hakuwa amewahi kuingia humo.

"Nilipomwona tu, nikajua ni ufagio," anasema Mama Viputo. "Nikamwomba anisomee yeye. Macho yangu yalikuwa hayafanyi kazi."

Amefaulu kwa alama themanini na saba kati ya mia. Na chini kabisa ya barua, kwa kalamu ya wino, mtahini mmoja alikuwa ameongeza mstari wake: "Ngozi ya maji imekubaliwa."

"Mimi ni mwalimu wa fasihi, hayo ya tone na kiputo siyajui," anasema mkuu wa shule. "Lakini siku ile nilijivuna kama aliyefaulu ni mama yangu mzazi. Tulikumbatiana, na aproni yake ilikuwa imelowa chapachapa. Nilifundisha vipindi viwili na blauzi mbichi."

Tangu mwezi uliopita Mama Viputo ni fundi wa maabara, kwa cheo na kwa mshahara. Shule tatu za jirani zimeshaomba aende kuwaonyesha waosha vyombo wao namna ya kuyasoma maji.

Yeye lakini macho yake yako mbali zaidi. Mwakani anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, fizikia ikiwemo. Hesabu anafundishwa na binti yake kitinda mimba, mwanachuo asiye na huruma hata chembe.

"Ananiambia, 'Mama, umekosea, rudia.' Bila hata tafadhali! Nami narudia."

Fomu ya kujiandikisha ameshaijaza. Anasema sehemu iliyomchukua muda mrefu ni ile ya kazi ya mwombaji. Miaka yote, hospitalini, benki, popote alipopewa fomu, hapo alikuwa anaandika "mfagiaji" kwa herufi ndogondogo, upesi, ili mtu aliye nyuma yake kwenye foleni asisome.

"Safari hii niliandika taratibu. Fundi wa Maabara, kwa herufi kubwa," anasema. "Ile nafasi waliyoacha haikutosha. Nikaendelea mpaka pembeni mwa karatasi."