Sukuma wiki ya Mama na baridi ya wiki jana

Jamani, leo nimelia mbele ya sukuma wiki ya jirani.

Mama alipokuja London kunitembelea, alipanda sukuma nyuma ya nyumba. Miche mingine akampa jirani yangu, Mama Njeri.

"Hii itakulisha mpaka nirudi," akaniambia.

Hakurudi. Tulimzika kabla ya Krismasi.

Wiki jana baridi ilizidi, majani yakalala chini kama yamechemshwa. Nikajua imekufa. Nikang'oa yote, nikatupa.

Leo barafu imeyeyuka. Ya Mama Njeri imesimama wima!

"Kwani uling'oa? Huwa inalala tu baridi ikizidi. Si ungengoja?" akaniuliza Mama Njeri, aliyezoea baridi ya huku.

Sisi tuliozaliwa kwenye joto, tungejuaje?

Amenikatia majani. Yako hapa mezani.

Nyinyi mngeyapika?