Pumzi Thelathini na Sita kwa Dakika

Kwenye banda la maabara walimwita Stopwochi, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kigoda mbele ya kizimba, macho kwenye ubavu wa kondoo, akihesabu ubavu ule unapanda na kushuka mara ngapi kwa dakika. Kondoo hao walitiwa vijidudu kwenye damu ili wataalamu waone jinsi maambukizi yanavyouangusha mwili, na ni dawa gani inayoweza kuuwahi.

Stopwochi hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mwendo wa ugonjwa ule aliujua kama njia ya kwenda kwake. Pumzi ndiyo hutangulia kwenda mbio. Moyo hufuata. Masikio hupata joto na kuwa mekundu kwa ndani, hata mgeni akadhani mnyama anapata nafuu. Presha hung'ang'ania palepale, kisha huporomoka ghafla, na wakati huo mapafu yameshaanza kujaa maji.

"Huyu hata nyumbani anamhesabia mkewe pumzi," mfagiaji wa banda alipenda kumtania.

"Namhesabia maneno," alijibu. "Pumzi hana nafasi ya kuvuta."

Kila robo saa aliandika mstari mmoja wa hesabu. Mistari sita ikitimia ndipo mtaalamu aliitwa na dawa ikaanza. Kabla ya hapo mnyama haguswi. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwonea huruma kondoo mmoja akamnywesha maji, na kazi ya wiki tatu ikaharibika. Mkuu wa maabara hakumfukuza, alimwambia tu, "Wewe hapa ni macho na kalamu. Mikono iache nyumbani." Tangu siku hiyo hakukosea tena.

Binti yake wa pekee alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Siku ya nne, saa nane mchana, Stopwochi alikwenda kumwona wodini. Mkewe alikuwa nje ukumbini, amekaa kwenye benchi akimbembeleza mjukuu. Binti alikuwa kitandani, mashavu yameiva kwa wekundu.

"Baba, umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuja na yote miwili, bado unalalamika?"

Binti akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Ilimbidi avute pumzi kwanza ndipo akimalizie. Macho ya baba yakashuka yenyewe hadi kwenye shuka, pale kifuani. Akatazama saa yake ya mkononi na kuhesabu dakika nzima. Ishirini na sita. Akatoa kalamu na kipande cha karatasi mfukoni, akaandika: saa nane na robo, ishirini na sita.

Hakuita mtu. Si kwamba hakuelewa. Mle wodini hakuna aliyeelewa kuliko yeye. Saa nane na nusu aliandika ishirini na tisa. Saa tisa kasorobo, thelathini na moja. Binti alisinzia, na alipomwita alijibu maneno yasiyoshikana, akauliza kama kengele ya shule imeshalia. Baba akaandika. Saa tisa kamili zilikuwa thelathini na sita. Alikuwa ameshachora mstari wa tano, kalamu ikingoja robo saa nyingine ifike, ndipo alipogundua kwamba anausubiri wa sita.

Aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Sista! Sista, njoo umwone mwanangu!"

"Baba, taratibu. Wagonjwa ni wengi," alisema nesi. "Presha yake nilipima saa saba, iko sawa."

"Presha ndiyo inayoanguka mwisho! Mhesabu pumzi."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Natunza kondoo."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka. Nesi naye akatabasamu. "Sasa huyu si kondoo, mzee wangu."

"Nakuomba, mama. Nakupigia magoti." Na kweli akapiga magoti, palepale kwenye sakafu iliyokuwa bado mbichi kwa kudekiwa, huku ameinua ile karatasi.

Nesi aliisoma, na tabasamu likafutika. Akaenda mbio kumwita daktari wa zamu. Daktari, dada mmoja kijana, alifunua shuka akashika nyayo za mgonjwa. Zilikuwa za baridi, na magoti yalikuwa na madoa ya bluu. Presha ilikuwa sabini kwa arobaini. Wakafungua dripu mbili, wakachoma antibiotiki, wakaweka oksijeni. Kitanda kilipokuwa kikisukumwa kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, daktari aliuliza huku anatembea, "Pumzi zilianza kubadilika saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Nani aliona?"

"Mimi."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto, alikuwa amesikia.

"Saa nane na robo?" mkewe aliuliza walipobaki wawili kwenye benchi nje ya chumba hicho. "Mimi nilikuwa pale nje ya wodi, mume wangu. Hatua kumi. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika."

Alimtazama kama mtu asiyemjua, kisha akahamia benchi lingine. Walikaa hivyo hadi kesho yake, kila mmoja na benchi lake. Daktari alitoka mara tatu, na kila mara alisema dawa za kupandisha presha zimeongezwa na presha haipandi. Saa nne asubuhi alitoka mara ya nne, na safari hii alivua kofia yake ya karatasi kabla hajafungua kinywa. Binti alikuwa amekufa.

Mama alisimama na kujifunga khanga upya, kwa sababu ilimpasa aingie ndani akamfumbe mwanawe macho. Akamwendea mumewe na kumwekea mjukuu mapajani. Stopwochi aliinamisha kichwa kumtazama yule mtoto, kifua chake kidogo kikipanda na kushuka.

"Usimwangalie tu," mkewe alisema. "Mshike."