Sale Nililong'oa Mpakani

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini mjukuu wangu Neema aliifufua juma lililopita. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na daftari mkononi.

Tulikuwa mezani hapa Euless, huku ughaibuni karibu na uwanja wa ndege, mchana, mama yake amelala baada ya zamu yake ya hospitalini. Neema alikuwa akijiandaa kusimama mbele ya darasa aeleze kwa nini walowezi wa nchi hii waligombana na Mwingereza. Akanisimulia, akinyamaza kila ndege ilipopita juu ya paa. Mfalme aliwatoza kodi kwenye chai na karatasi, akawabana wafanye biashara kwa masharti yake, na pia akachora mstari milimani akasema ng'ambo ya hapo wasihamie. Wakachukia, wakapigana, wakashinda, wakavuka.

"Na ng'ambo ya milima kulikuwa na nani?" nikamuuliza.

"Natives, Babu. Lakini hiyo sio part yangu. Mimi na-explain kwa nini settlers walikuwa right."

Nikaona haya, maana maneno yake yalinirudisha ujanani.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kwetu mlimani Kilimanjaro. Sheria ya wakati huo ilikataza kuuza kahawa popote isipokuwa kwenye chama cha ushirika. Mimi nikajaribu kuipitisha mpakani kwenda Kenya, walinzi wakanikamata njiani, wakachukua magunia yote mawili. Ilikuwa kazi ya msimu mzima. Niliona nimeonewa, na hadi leo naona hivyo.

Nikarudi nyumbani nimefura. Nikaamua kupanda kahawa zaidi, na ardhi ya karibu ilikuwa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha jirani yetu Mama Ndeshi, mjane, ambaye wiki hiyo alikuwa mjini akimuuguza binti yake. Sisi mipaka yetu huwekwa kwa sale, mmea wa majani marefu ambao hata mtoto anajua hauguswi. Nikayang'oa masale yake, nikayapanda hatua nne ndani ya shamba lake, nikakata migomba mitatu iliyonizuia. Moyoni nilijiambia kwamba hata mimi nimenyang'anywa. Hasira hasara, mwanangu, ila hasara hii niliipeleka kwa mwingine.

Baba aliona udongo mbichi. Hakunipiga. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini iliyoniumiza kuliko fimbo, "Magunia yako walichukua walinzi. Mama Ndeshi amekukosea nini?"

Akanirudisha mpakani, nikayarudisha masale mahali pake, yeye akinisimamia. Kisha akachuma jani moja, akalifunga fundo, akanipa. Kwetu ukimpelekea mtu jani la sale unamwomba msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Mmea ule ule niliouvunjia heshima ndio ulionibidi kuubeba kwa mikono miwili.

Mama Ndeshi aliporudi nilipiga magoti mlangoni pake. Akalipokea jani.

"Nimekusamehe, sale halikataliwi," akasema. "Lakini migomba ile aliipanda marehemu mume wangu."

Akaingia ndani. Alinisalimia kwa wema hadi alipokufa, wala hakulitaja tena jambo hilo, ila kila alipopita pale mpakani aligeuza uso upande wa pili. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hilo bado linaniuma, na nimezeeka nalo.

Haya yote nilimweleza Neema. Akauliza, "So Babu, hao watu wa ng'ambo, kuna mtu aliwapelekea jani?"

Nikamwambia asome, atafute. Alifungua daftari, akafuta sentensi yake ya mwisho, akaandika swali lake hilo hilo mahali pake.

Mwanangu, utaonewa. Kazini au ofisini yupo atakayekuchorea mstari usio wa haki, na dai haki yako, usiogope. Lakini ukishaipata, au ukiikosa, usigeuke ukamtafute aliye dhaifu kuliko wewe ili umlipishe yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kabla ya kuvuka mpaka wowote, uliza ng'ambo anaishi nani. Na ukimkosea mtu, piga magoti mapema, maana msamaha hausimamishi mgomba uliokatwa.

Mungu akupe ardhi ambayo hakuna anayeililia, na jirani anayepita mpakani kwako akikutazama usoni.