Gesi na Paa la Makuti

Serikali ilitoa ruzuku ya kitu kimoja kwa kila nyumba: jiko la gesi au taa za sola. Sheha alikaa barazani kwetu Mgogoni akingoja jibu la mama.

"Gesi," mama alisema, akikohoa.

Nilimkatiza. Mtungi ukiisha, nani ataujaza? Tena moshi wa kuni ndio unaofukuza wadudu kwenye makuti ya banda la kupikia. Bila moshi, paa litaliwa.

"Chuo kimekufunza kuyahurumia makuti, mwanangu? Na kifua changu je?"

Nikasema paa nitaliezeka mwenyewe.

"Wewe? Lini ulipanda paa?" Mama akacheka, kikohozi kikamkamata tena, akainama. Sheha akaandika gesi bila kutuuliza tena.